Kuotesha mtikini chini ya minazi na miembe

Ardhi iliyoachwa wazi chini ya mnazi hukauka upesi, na mvua kubwa ikija huondoka na udongo wa juu. Mtikini huifunika vizuri, tena bila gharama. Ndio ule mmea unaotambaa kandokando ya njia za Pwani, wenye maua meupe na madoadoa ya zambarau kwenye petali ya chini. Wagiriama huuita talakushe na huuchuma kwa mboga. Jina lake la kitaalamu ni Asystasia gangetica.

Usihangaike na mbegu. Masika yanapoanza, kata vipande vya shina vya sentimita 15, kila kimoja kiwe na vifundo (pale majani yanapotokea kwenye shina) vitatu au zaidi. Chagua shina la kijani lililokomaa, kwa kuwa ncha changa huoza kabla ya kutoa mizizi. Ng'oa kwanza ndago na nyasi zote, maana zikishachanganyika na mtikini hutazitoa tena bila kuuharibu. Kama udongo ni mchanga mtupu, changanya ndoo moja ya mboji kwa kila mita ya mraba. Fukia vifundo viwili, acha sentimita 30 kati ya mche na mche, mwagilia kila jioni mvua isiponyesha. Baada ya wiki mbili hivi, vuta kipande kidogo: kikigoma kutoka, kimeshika.

Mtikini hustahimili kivuli, lakini kivuli kizito hupunguza maua. Samadi nyingi nayo huleta majani manene na maua machache. Majani yakiwa ya njano huku udongo umelowa, maji yanatuama. Chimba mfereji kabla ya kufikiria mbolea.

Kazi kubwa ni kuuzuia. Kila kifundo kinachogusa udongo hutoa mizizi, na ganda la mbegu likikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Kwa hiyo fyeka maganda yangali ya kijani, ukibakiza sentimita 10 za shina. Utachipua upya na kuchanua tena. Mashina uliyokata yaanike juani hadi yakauke kabisa ndipo uyatie kwenye mboji, la sivyo yataota humo humo. Uuweke mbali na miche midogo ya matunda, angalau nusu mita, kwa sababu huiparamia na kuifunika. Nchini Malaysia umekuwa gugu sugu katika mashamba ya michikichi, na Australia nako haupaswi kupandwa. Huku kwetu ni mmea wa asili, ila bustani bado inahitaji mpaka.

Viwavi wa vipepeo hula majani yake. Waacheni, au waokoteni kwa mkono. Dawa isipulizwe hata kidogo, kwa sababu nyuki hawabanduki kwenye maua hayo, na majani yenyewe ni chakula. Kwa mboga, chuma ncha laini asubuhi, changanya na mchicha au mnavu, upike kwa tui. Usichume kando ya barabara ya magari.