Usiingize punje zenye spiriti kwenye oveni

Mkuu, simama kwanza. Umesema una spiriti ya asilimia 96, unataka kuikausha kwa punje za zeolaiti 3A, madini yenye vitundu vidogo yanayofyonza maji, upate ethanoli (alkoholi ya spiriti) isiyo na maji ya kutengenezea biodizeli, na punje zikishashiba maji utaimimina spiriti kwenye chombo kingine, uziingize kwenye oveni ya gesi zikauke uzitumie tena. Hapo kwenye oveni nakukatalia kabisa.

Muuzaji wa punje alituambia maneno hayohayo unayoyarudia: "Alkoholi haiingii ndani ya punje, ukishamimina hakuna cha kuwaka." Nusu ya kwanza ni kweli. Vitundu vya 3A vina upana wa angstromu 3 hivi, kipimo cha vitu vidogo kama molekuli. Molekuli ya maji inapenya, ya ethanoli ni nene mno, inabaki nje. Lakini punje si vitundu hivyo tu. Imefinyangwa kwa udongo wa kushikanisha wenye nafasi kubwa zaidi, na kati ya punje na punje spiriti imejaa. Unachuja, unatikisa, kwa macho zimekauka, kumbe zimebeba spiriti tele. Mvuke wake ukifika asilimia 3.3 ya hewa ya mle ndani, cheche moja inatosha. Karakanani kwetu mlango wa oveni uliruka na mwenzangu akaungua mikono yote miwili. Muuzaji alipopigiwa simu akajibu eti hatukufuata maelekezo. Maelekezo yapi, wakati aliyeyatoa ni yeye? Inaniuma mpaka leo, maana bado anauza na bado anashauri watu.

Maji kwanza, moto baadaye. Ukishamimina spiriti, loweka punje kwenye maji mengi, mwaga, rudia mpaka harufu iishe kabisa. Usihofu kuzilowesha, maji ndiyo oveni itakayoyatoa. Zianike nje, mbali na jiko na sigara. Baada ya hapo ndipo oveni, tena polepole: zikae kwanza kwenye nyuzi 100 na kidogo, kisha upandishe hadi 200 au 250. Ukiharakisha zinapasuka, unabaki na vumbi.

Na asikudanganye mtu kwamba oveni ya umeme haina shida. Waya wake ukiwaka mwekundu unawasha mvuke vilevile.

Uliuliza pia kuhusu kukeneka tena, yaani kuichemsha spiriti na kuukusanya mvuke wake, badala ya punje. Kwa kukeneka kwa kawaida hutavuka hiyo 96, kwa hiyo punje utazihitaji tu. Ila kama umeshaziweka kwenye oveni na hujawasha, nenda kazitoe sasa hivi, fungua madirisha, ndipo urudi tuendelee.