Nywila mpya, mwizi yuleyule

Swali

Kama wiki tatu zilizopita nilipakua programu ya kuhariri video kutoka tovuti inayogawa bure programu za kulipia. Ilikuja ndani ya faili la zip lenye nywila, na maelekezo yalinitaka nizime antivirusi kwanza. Nilipoibofya hakuna kilichofunguka, nikaachana nayo. Siku chache baadaye marafiki wakaanza kupata ujumbe wa kuomba pesa kwa jina langu. Nikaikagua kompyuta (ni Windows 11), antivirusi ikakuta kitu na kukifuta, nami nikabadilisha nywila ya barua pepe hapo hapo. Uthibitishaji wa hatua mbili nilikuwa nao tangu zamani. Juzi ameingia tena. Anapitia wapi? Na kwenye kompyuta hiyo kuna picha za pasipoti na kitambulisho changu.

Jibu

Mwizi wako hapiti mlangoni. Ukishaandika nywila na tarakimu za hatua ya pili, tovuti huachia kivinjari chako kidakuzi, yaani alama inayosema "huyu nimeshamkagua". Ndiyo maana huulizwi nywila kila unapofungua barua. Alama hiyo hukaa kwenye faili ndani ya diski. Vivinjari hulifunga kwa ufunguo, lakini programu inayoendeshwa chini ya akaunti yako mara nyingi huweza kuufikia ufunguo huo. Mwizi akiipata alama na kuipachika kwenye kivinjari chake, tovuti humwona yeye kuwa ni wewe. Hatua mbili haimsumbui, maana huulizwa wakati wa kuingia, na yeye tayari yumo.

Ulichopakua kina dalili zote za programu za wizi wa aina hii, kama Lumma na RedLine. Zip iliwekewa nywila ili antivirusi isiweze kuchungulia ndani. "Haikufunguka" ilikuwa ndiyo kazi yenyewe: programu hizi huchukua dakika chache kuzoa vidakuzi, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, namba za kadi na mafaili, zikayatuma, na nyingine hujifuta baada ya hapo. Usijione mjinga peke yako. Kati ya Machi na Mei 2025 Microsoft ilitambua kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa Lumma.

Kosa kubwa lilikuwa kubadilisha nywila kwenye mashine ileile. Antivirusi kufuta kitu kimoja haina maana kwamba kilikuwa kimoja. Kilichobaki kinaweza kusoma nywila mpya unapoiandika, au kuchukua kidakuzi kipya ulichopewa dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo kazi inarudiwa, na safari hii mpangilio ndio wenye uzito.

Kwanza itenge kompyuta: chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi. Chukua simu au kompyuta nyingine ambayo haikuguswa na faili lile. Anza na barua pepe, kwa sababu viungo vya kubadilisha nywila za akaunti nyingine karibu zote huishia humo. Weka nywila mpya, kisha ingia sehemu ya usalama, fungua orodha ya vifaa vilivyoingia na uviondoe vyote. Hapo ndipo vidakuzi vya zamani hufa. Huduma nyingine huviua zenyewe ukibadilisha nywila, nyingine haziviui, basi usitegemee.

Usitoke kwenye akaunti hiyo bado, maana wengi huishia hapo na mwizi hurudi baada ya siku mbili. Angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti: je, ni zako? Angalia kama kuna anwani usiyoijua inayotumiwa nakala ya barua zako. Pitia vichujio, yaani kanuni zinazopanga au kufuta barua zenyewe, kimoja kimoja. Mbinu ya kawaida ni kichujio kinachofuta au kuficha barua yoyote yenye neno "benki" au "usalama", ili usione onyo. Ondoa programu za nje zilizopewa ruhusa na akaunti, na nywila maalumu za programu, kwani hizo haziulizi hatua ya pili kabisa. Kagua pia vifaa na funguo za kuthibitishia zilizosajiliwa, kisha tengeneza upya kodi za akiba, yaani tarakimu za kuingilia siku ukipoteza simu. Zile za zamani zihesabu zimeibwa.

Baada ya hapo nenda benki na huduma za pesa kwa simu, kisha mitandao ya kijamii, kisha kila tovuti iliyohifadhi kadi yako. Kila nywila iliyokuwa kwenye kivinjari ichukulie kuwa imeshauzwa, hata ya tovuti usiyoitembelea tangu mwaka juzi. Kadi iliyokuwa imehifadhiwa omba ibadilishwe. Kuifunga kwa muda hakutoshi. Nywila mpya ziwe tofauti kwa kila tovuti, herufi 15 au zaidi, zikitungwa na programu ya kutunzia nywila. Kwa hatua ya pili usitumie ujumbe mfupi inapowezekana, kwa sababu laini huweza kuhamishwa kwa hila kwenda kwa mtu mwingine. Tumia programu inayotoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, au bora zaidi ufunguo wa usalama, kifaa kidogo cha kuchomeka, ambao haujibu kwenye tovuti bandia. Lakini hata huo haumzuii mwizi wa vidakuzi kama kompyuta imeoza. Ndiyo sababu ya hatua inayofuata.

Futa Windows yote uisimike upya. Ndiyo, inachosha. Ukaguzi wa Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows, unaofanyika kabla Windows haijawaka ni mzuri, huchukua kama dakika 15, na unaweza kuuanzia nao. Ila kwa mtu ambaye ameshaibiwa, jibu la "hakuna kilichopatikana" halitoshi. Kabla ya kufuta, nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, kompyuta ikiwa bado haina mtandao. Usichukue programu wala mafaili yanayoishia na .exe, .msi, .bat, .js, .scr, .lnk au .iso, wala folda ya kivinjari. Kwenye kompyuta safi tumia zana rasmi ya Microsoft kutengeneza flashi ya usimikaji. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na vilivyomo vitafutwa. Washa kompyuta kupitia flashi hiyo, na ukifika mahali pa kuchagua diski futa sehemu zote za diski ya mfumo, usiiachie hata ndogo. Hakikisha tu diski ya nje umeshaichomoa.

Tahadhari moja inayosahaulika: kiendelezi hasidi cha kivinjari (programu ndogo inayoongezwa ndani yake) hurudi chenyewe kupitia usawazishaji, yaani kivinjari kinapovuta mipangilio yako ya zamani kutoka kwenye akaunti. Ukiingia kwenye kivinjari baada ya kusimika upya, zuia viendelezi visisawazishwe, kisha sakinisha kwa mkono vile tu unavyovihitaji.

Sasa pasipoti na kitambulisho. Hapa hakuna kitufe cha kubadilisha. Toa taarifa polisi upate namba ya taarifa, kwa sababu siku mkopo ukichukuliwa kwa jina lako utaulizwa ulijua lini na ulifanya nini. Ijulishe mamlaka iliyotoa hati na uulize kama itaifuta na kukupa nyingine. Ijulishe benki pia. Kama nchi yako ina taasisi ya kumbukumbu za mikopo, omba ripoti yako sasa, kisha nyingine baada ya miezi michache, na kama inaruhusu kuzuia mikopo mipya, zuia. Kwa kampuni ya simu, omba laini yako isibadilishwe bila namba ya siri au bila wewe kufika mwenyewe. Simu ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wengine wanaupata, usisubiri hadi kesho. Piga kwa simu nyingine saa hiyo hiyo.

Siku nyingine ukitakiwa kutuma nakala ya kitambulisho, andika juu ya picha, kukatiza katikati, jina la anayepokea, sababu na tarehe. Nakala hiyo haitamfaa mwizi kirahisi. Za kuhifadhi zifungie kwenye faili la 7-Zip lenye nywila na usimbaji wa AES-256. Kufunga diski nzima kwa BitLocker kuna faida kompyuta ikiibiwa, lakini hakuzuii virusi: ukishaiwasha na kuingia, diski iko wazi kwako na kwa kila programu unayoiendesha.

Kwenye Windows mpya tengeneza akaunti mbili, ya msimamizi na ya kawaida, na kazi za kila siku fanya kwenye ya kawaida. Hilo halizuii wizi wa vidakuzi, lakini huinyima programu hasidi nafasi ya kujichimbia ndani ya mfumo au kuzima antivirusi kimyakimya. Washa maonyesho ya viishio vya majina ya mafaili, ili risiti.pdf.exe isijifanye PDF. Antivirusi ya pili usinunue. Defender inatosha, na mbili zikilinda kwa pamoja hugombana na kuifanya mashine iwe nzito. Masasisho yaache yajisakinishe. Virusi vya WannaCry vilipoenea Mei 2017, sasisho la kuziba tundu vililolitumia lilikuwa limeshatolewa Machi. Na kama una kompyuta nyingine yenye Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Marafiki wako wapigie simu. Usiwaandikie kupitia akaunti ileile, kwani hawana namna ya kujua ni nani anayeandika. Waambie pia kuhusu mtego ambao sasa hauhitaji hata kupakua kitu: ukurasa unaodai uthibitishe kuwa wewe si roboti kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hapo umebandika amri ya mwizi na kuiendesha kwa mkono wako. Hakuna uthibitisho halali unaofanywa hivyo, funga ukurasa.