Filimbi ikilia usiku, nani atoke na nani abaki?

Maswali ya mwezi huu, kutoka kwa wasomaji wa Uganda, yanahusu usalama wa mtaa. Tumeyafupisha, majina ya waandishi tumeyaondoa.

Tunapanga katika mizigo, yaani safu ya vyumba vya kupangisha, vyumba 15, hapa Walukuba, Jinja. Wiki iliyopita jirani mmoja alipiga yowe, sote tukakimbilia barabarani. Tuliporudi, vyumba viwili vilikuwa vimekombwa. Tulikosea wapi?

Pole sana, mama. Kosa lilikuwa kutoka wote. Mwizi mmoja kuzua kelele upande huu ili mwenzake aingie upande ule ni mbinu ya zamani, na inafaulu kwa sababu watu wema hukimbilia sauti.

Kila chumba kitoe mtu mzima mmoja, jina lake liandikwe. Saba ni wa kutoka. Wanane ni wa kubaki, kila mmoja mbele ya mlango uliofungwa, taa ya nje ikiwaka. Kati ya wale saba, wanne wafuate sauti na watatu waende moja kwa moja kuziba njia ya nyuma, kwa kawaida ile ya kando ya mtaro au shamba la migomba, maana mwizi aliyeshtuliwa hukimbilia gizani. Msimulike tochi usoni mwa mwenzenu; atapofuka kwa dakika nzima.

Kubalianeni milio ya filimbi. Mmoja mrefu: njooni tuangalie. Mitatu mifupi inayorudiwa: mwizi yupo. Miwili mirefu: shwari, rudini. Jaribuni mchana kwanza, hata watoto waijue, na wakatazwe kuichezea.

Mvua ikipiga mabati filimbi haisikiki, na usiku wa mvua ndio wezi huupenda. Hapo tumieni mnyororo wa simu: wa kwanza anapigia wawili, kila mmoja wao anapigia wawili wengine, nao hivyo hivyo. Moja, mbili, nne, nane: vyumba vyote 15 vimeamka. Pigeni simu, msitume ujumbe kwenye WhatsApp. Saa tisa usiku data ya watu wengi imezimwa, na wenye katochi, zile simu ndogo zisizo na intaneti, hawamo kabisa.

Mkitaka zamu ya kukesha, watu wawili saa sita hadi saa tisa, wawili wengine hadi alfajiri. Kwa vyumba 15 kila mtu atakesha karibu kila siku ya nne, na hilo litawashinda wanaoamka kwenda kiwandani. Zamu nyingi hufa kwa uchovu, si kwa woga. Unganeni na safu ya jirani. Orodha ya zamu mpeni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, na katibu wake wa usalama, nakala moja iende kituo cha polisi kilicho karibu. Bila hivyo doria ya polisi itawakuta na fimbo usiku na kuwadhania ninyi ndio wezi.

Nimenunua kufuli kubwa la bei, lakini mlango ulivunjwa na kufuli likabaki zima. (Busia)

Hawakugusa kufuli. Waling'oa kipande cha chuma kinachoshikilia kufuli, kwa sababu kilifungwa kwa skrubu fupi kwenye mbao laini. Toa skrubu, toboa mlango hadi upande wa pili, funga bolti na nati zikae ndani. Kama mlango ni wa chuma, peleka kwa mchomeaji. Angalia pia bawaba: zikiwa nje na pini yake inatoka, mwizi huinua mlango mzima. Mchomeaji aweke tone la kuchomelea juu na chini ya kila pini.

Usiku usijifungie ndani kwa kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo. Moto ukitokea, nondo za dirishani hazitakuruhusu kupita. Ufunguo ukae kwenye msumari mmoja, mbali na dirisha, kwa sababu kuna wanaovuta vitu kwa fimbo yenye ndoano.

Tumdai nini mpangaji mgeni? (Arua)

Nakala ya kitambulisho cha taifa na barua ya LC1 ya alikotoka. Mkimbizi ana kitambulisho kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Hicho kinatosha, na msimtilie shaka kwa lugha yake.

Tukimpeleka mwizi polisi, keshokutwa tunamwona mtaani. Vijana wanasema bora wammalize. (Kasese)

Wazuieni vijana hao, tafadhali. Anayeuawa mara nyingine si mwizi, ni mlevi aliyekosea mlango. Na kila aliyeshiriki, hata aliyeleta tairi tu, anaweza kushtakiwa kwa mauaji.

Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mketisheni chini, watu watatu wenye utulivu wamzunguke, wengine warudishwe nyuma. Pigeni 999 au 112. Alichokutwa nacho kiende naye.

Kwa nini anarudi? Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mara nyingi umati humleta, kisha hakuna hata mmoja anayebaki kuandika maelezo. Bila shahidi na bila kidhibiti, polisi hawana kesi ya kupeleka. Tena, mshukiwa anaweza kuachiliwa kwa bondi ya polisi, yaani kwa ahadi ya kurudi akiitwa, na bondi hiyo haitozwi pesa. Mtu kutoka kwa bondi si ushahidi kwamba kesi imekufa.

Kwa hiyo, mkifika kituoni, hakikisheni taarifa imeingizwa katika kitabu cha kituo na mpewe namba ya SD (Station Diary, yaani kitabu hicho). Mwenye mali na shahidi mmoja waandike maelezo usiku huohuo, kabla hawajaenda kulala.