Jibu: Kwa nini mafuta hutolewa kabla ya kuivuta meli iliyokwama

Ndugu, umeuliza kwa nini waokoaji hutumia siku nyingi kunyonya mafuta ya meli ya mizigo iliyokwama kwenye mwamba wa matumbawe, badala ya kuivuta kwanza. Hofu kubwa ni kwamba jiwe lililotoboa bodi huenda ndilo linaloziba tundu. Ukiivuta meli matangi yakiwa yamejaa, waweza kuipasua zaidi na kuyamwaga mafuta yote juu ya matumbawe.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana kutoka ufukweni. Mafuta mazito ya injini kubwa huganda yakipoa, na meli iliyozimika haina mvuke wa kuyapasha moto, hivyo hulazimu kupeleka vifaa vya joto na pampu hadi kwenye sitaha iliyoinama, huku mawimbi yakiipigapiga. Tangi lisilofikika kwa juu hutobolewa ubavuni: vali hukazwa barabara kwenye bati, keekee ikapitishwa katikati yake, kisha ikachomolewa na vali kufungwa kabla mafuta hayajamwagika.

MV Wakashio ilipanda mwamba huko Morisi tarehe 25 Julai 2020 ikiwa na takriban tani 4,000 za mafuta. Ilianza kuvuja tarehe 6 Agosti, na takriban tani 1,000 zikaingia baharini, jambo linaloniuma hadi leo. Naamini maafa yangekuwa makubwa zaidi pasipo pampu, kwani meli ilipokatika vipande viwili tarehe 15 Agosti, sehemu kubwa ya mafuta yaliyosalia ilikuwa imekwisha kunyonywa.