Mfupa wa kidari hauharakishwi: kwa wewe uliyetoka kupasuliwa moyo

Ndugu yangu uliyerudi nyumbani majuzi na mshono katikati ya kifua, masharti mengi uliyopewa hayahusu moyo. Yanahusu mfupa. Ili kuufikia moyo, daktari aliukata mfupa wa kidari kwa msumeno kutoka juu hadi chini, halafu akaufunga kwa waya za chuma. Waya kazi yake ni kuzuia pande mbili zisiachane. Kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe, nao huchukua kama wiki 6 hadi 12. Nilipolielewa hilo, sikuyaona tena masharti kuwa adhabu.

Misuli mikubwa ya kifua imejishika kwenye kidari, kushoto na kulia. Ukijisukuma kwa mikono, inakivuta kila mmoja upande wake. Kwa hiyo jifunze upya kuinuka. Kwenye kiti, sogea hadi ukingoni, rudisha nyayo nyuma kidogo, inama mbele, simama kwa nguvu za mapaja. Kitandani, kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, kisha shusha miguu ukingoni mwa kitanda. Uzito wa miguu utakusaidia kuketi. Na mwambie mapema anayekuuguza asikuvute mkono wala asikunyanyue kwa kukushika makwapani. Watu hufanya hivyo kwa upendo kabisa, na kwa kidari ni hatari.

Kuhusu mizigo, fuata kiwango ulichopewa hospitali. Mimi niliambiwa nisizidishe kilo 2 mwanzoni. Wengine huambiwa hadi 5. Mtoto mdogo anazidi hapo. Keti, apandishwe na mtu mwingine, akae ubavuni pako.

Lakini usijigandishe. Nilikaa siku kadhaa nimejikunyata, mabega yakakaza, maumivu ya mgongo yakazidi ya mshono. Mtaalamu wa fiziotherapia akanionyesha kanuni rahisi: viwiko vikikaa karibu na mbavu, mikono ina ruhusa ya kazi nyepesi. Kinachokatazwa ni kunyoosha mikono mbali, kuipeleka nyuma ya mgongo, kusukuma na kuvuta.

Kukohoa kunauma, ila makohozi yakibaki kifuani yanaweza kuleta nimonia. Kumbatia mto kwa nguvu, kohoa. Chafya nazo zifanyie hivyo hivyo. Mto wangu haukuniacha hata mezani.

Wiki ya 3 ndiyo ninayokuonya zaidi. Maumivu yalikuwa yamepungua, nikajiona nimepona, nikavuta droo iliyokwama. Kidari kikalia kitu kama kidole kinachoalika. Nilirudi kwa daktari nikitetemeka. Mfupa ulikuwa haujaachana, nashukuru. Maumivu yanakwisha mapema kuliko mfupa unavyounga, basi usiyatumie kama kalenda.

Tembea kila siku. Anza na dakika chache mara kadhaa, ongeza taratibu. Ukishindwa kuongea huku unatembea, umezidisha mwendo, pumzika. Gari usiendeshe hadi daktari aruhusu; ukiwa abiria kaa kiti cha nyuma na ufunge mkanda, hata kama unagusa mshono.

Huenda pia ukalia bila sababu, ukakosa usingizi, ukasahau mambo madogo. Mimi nililia karibu kila jioni kwa wiki mbili, nikidhani nimedhoofika akili. Huwapata wengi baada ya upasuaji huu na mara nyingi hupungua, lakini ikikukalia muda mrefu mwambie daktari, kama vile ungemwambia kidonda kinatoka usaha.

Na usisubiri tarehe ya kliniki ukiona homa, usaha au wekundu unaoenea kwenye mshono, kidari kinachoalika au kucheza unaposogea, miguu inayovimba huku uzito ukipanda kilo moja na zaidi kwa usiku mmoja. Piga simu siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikibana, nenda hospitali wakati huo huo.