Chuma au vipindi vikali? Kwa wewe unayeanza mbio fupi Nairobi

Kila msimu napokea vijana wanaotaka kukimbia mita 100 na 200, na karibu wote huja na imani moja: zoezi zuri ni lile linalokulaza chini. Naielewa imani hiyo. Tumekulia katika nchi ya mbio ndefu, ambako mwanariadha ni yule anayerudi asubuhi amelowa jasho, kilomita kumi na tano zimeshapita miguuni. Basi kijana akitafuta zoezi la mbio fupi, huchukua linalochosha vivyo hivyo ila kwa muda mfupi: sekunde ishirini kwa nguvu zote, kumi za kupumzika, tena na tena mpaka kifua kiwake. Hayo ndiyo mazoezi ya vipindi vikali, ambayo jimu za hapa mjini huyatangaza kwa jina la HIIT. Chuma, yaani kunyanyua uzani, huwaachia wanaotaka kifua cha kuonyesha watu.

Ushauri wangu ni ugeuze mpangilio huo. Mwaka wako wa kwanza uujenge juu ya vitu viwili: mbio za kasi kamili zenye mapumziko marefu, na chuma. Vipindi vikali vipe nafasi ndogo kama unakimbia mita 100, na nafasi kubwa kiasi kama macho yako yako kwenye mita 400.

Anza kwa kuangalia mguu unapogusa ardhi. Mkimbiaji aliyefika kasi yake ya juu hukaa ardhini takriban sekunde 0.1 kila hatua, na walio bora duniani hukaa chini ya hapo. Ndani ya muda huo mdogo ni lazima aisukume ardhi kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake maradufu. Mwaka 2000 Peter Weyand na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wakimbiaji wenye kasi na wasio na kasi. Waligundua kwamba muda wa kurudisha mguu mbele hautofautiani sana kati yao. Kinachowatofautisha hasa ni nguvu wanayoitia ardhini. Kwa hiyo kijana anayejifunza kuchezesha miguu upesi upesi papo hapo, akidhani ndiyo kasi, anafanyia kazi jambo ambalo si tatizo lake.

Hapo ndipo chuma kinapoingia, na kinasaidia zaidi mwanzoni mwa mbio. Unapotoka kwenye vibao vya kuanzia, mguu hukaa ardhini muda mrefu kuliko ukiwa katikati ya mbio, kwa hiyo misuli hupata nafasi ya kusukuma. Anayeweza kuchuchumaa na uzani wa maana begani kisha akasimama kwa nguvu, mara nyingi hujiona amebadilika katika mita 20 au 30 za kwanza. Ukishashika kasi ya juu, muda ni mfupi mno kwa nguvu za taratibu. Hapo zinahitajika kano ngumu zinazorudisha msukumo, na hizo hujengwa kwa kuruka na kwa kukimbia kasi yenyewe. Nayasema haya mapema kwa sababu nimeona vijana wakipenda chuma kupita kiasi, uzani unapanda kila mwezi na saa ya mita 60 haisogei. Chuma kinaitumikia mbio. Kikianza kuiba nguvu za siku ya kasi, punguza.

Sasa mapumziko, kwa sababu hili ndilo linalowashinda wageni wengi. Misuli ina akiba ndogo ya nishati ya haraka iitwayo fosfokreatini. Ukikimbia kwa nguvu zote, akiba hiyo hukubeba kwa sekunde chache tu, sita hadi kumi hivi. Ukisimama, karibu nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika, lakini kukaribia kujaa huchukua dakika tatu hadi tano. Makocha wengi hutumia kanuni rahisi: kwa kila mita 10 za kasi kamili, pumzika dakika moja. Mita 30, dakika tatu. Mita 60, dakika sita.

Njoo ututazame Jumatano jioni kwenye kiwanja cha udongo mwekundu mtaani kwetu. Koni mbili zimepangwa mita 30, na kabla ya koni ya kwanza kuna mita 20 za kuchukua kasi. Binti anapita, nabonyeza saa. Anarudi akitembea, anavaa jaketi, anakaa kwenye jiwe kando ya ua la mabati, anakunywa maji kidogo. Dakika zinapita. Wapita njia hutuona kama watu waliokuja kupiga gumzo. Anavua jaketi, anakimbia tena. Ukitega sikio, miguu yake mara za kwanza inalia mlio mfupi na mkavu. Mara ya nne au ya tano mlio unaanza kuwa mzito, kisigino kinashuka, mabega yanapanda, na saa inathibitisha kile sikio limekwisha kusikia. Hapo tunafunga kazi, hata kama yeye mwenyewe anasema bado ana nguvu. Anazo kweli, ila kasi imeondoka, na kuanzia hapo angekuwa anajizoeza kukimbia polepole.

Weka zoezi hilo kando ya sekunde ishirini kwa kumi. Mpango huo una historia yake. Ulitumiwa na timu ya Japani ya kuteleza kwa kasi kwenye barafu, kisha mtafiti Izumi Tabata na wenzake wakaupima na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Waliofanyiwa majaribio walikuwa juu ya baiskeli za maabara, siku tano kwa wiki kwa wiki sita. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda, na uwezo wa kufanya kazi bila kutegemea oksijeni ukapanda kwa asilimia 28. Ni matokeo mazuri kweli, na siyabezi. Lakini soma kilichopimwa: ni uwezo wa kuvumilia kazi kali. Hakuna aliyeulizwa kama mita 30 zake zimekuwa za kasi zaidi. Sekunde kumi za mapumziko haziwezi kurudisha ile akiba, kwa hiyo kufikia mzunguko wa tatu mtu hayuko tena kwenye kasi yake ya juu, hata ajitahidi vipi.

Hapa Nairobi jambo hilo lina uzito wake. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi inampunguzia mkimbiaji wa mbio fupi upinzani wa upepo, na hiyo ni faida. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani tarehe 18 Septemba 2021, rekodi ya Afrika. Lakini ile akiba hurudishwa kwa msaada wa oksijeni, na oksijeni huku juu ni haba kidogo. Kama umetoka Mombasa au Kilifi kuja kusoma chuo, wiki zako za kwanza ongeza mapumziko na uahirishe vipindi vikali. Usijilinganishe na mwenzako aliyezaliwa Eldoret.

Kuhusu chuma chenyewe, huhitaji jimu ya kifahari. Mitaani kuna jimu za mabati zenye vyuma vya kuchomelea na mikebe iliyojazwa saruji, na zinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Shida yake ni moja: mikebe miwili inayofanana inaweza kupishana uzito sana. Ipeleke kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ipime, kisha iandike uzito kwa rangi. Mwenye jimu atakushukuru, na mgongo wako pia.

Anza na mti wa ufagio. Nasema kwa dhati. Chuchumaa nao begani mpaka kocha aone kisigino hakinyanyuki na magoti hayaingii ndani. Ndipo uje kwenye chuma kitupu, halafu uongeze kidogo kidogo: seti tatu za mara nane, ukibakiza nguvu za mara mbili zaidi ambazo huzitumii. Kujikamua mpaka chuma kikulalie hakuna faida kwa mkimbiaji. Wiki za mwanzo utajiona unapata nguvu bila misuli kunenepa, kwa sababu mfumo wa fahamu unajifunza kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja, na hilo ndilo tunalolitafuta. Baada ya miezi kadhaa ya msingi, uzani uongezeke na idadi ipungue, mara tatu hadi tano kwa seti, na mapumziko ya dakika tatu. Kuchuchumaa, kuinua chuma kutoka sakafuni, kupanda boksi kwa mguu mmoja ukiwa na uzani, kusukuma nyonga juu ukiwa umelala: hayo yanatosha. Mikono na kifua vifanyie kazi kiasi, usivipe jioni nzima.

Kuna zoezi moja nisilomruhusu mtu yeyote kuliruka, nalo halihitaji chuma. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo kwa nguvu, kisha jishushe mbele taratibu ukiwa umenyooka kuanzia magoti hadi kichwa, ukizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ushindwe, mikono ikupokee chini. Tafiti nyingi, hasa kwa wachezaji wa mpira wa miguu, zimeonyesha kwamba zoezi hili linaweza kupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu, na nyuma ya paja ndiko mbio fupi huwakatia watu msimu. Anza na seti mbili za mara tatu. Kesho yake na kesho kutwa utaumia kukaa kwenye kiti cha matatu, kwa hiyo usilifanye siku ya kuamkia mazoezi ya kasi.

Wazazi huniuliza kama chuma kitamdumaza mtoto. Hapana, kijana anayefundishwa vizuri na kusimamiwa hukua kama kawaida. Wasichana huniuliza kama watakuwa na miili ya wanaume. Hapana pia, na wengi wao ndio ninaoona wakibadilika upesi zaidi.

Je, ufanye vyote kwa pamoja, kila siku? Mtafiti Robert Hickson alilijaribu hilo Marekani na kuchapisha mwaka 1980. Kundi lililochanganya chuma kingi na mazoezi mengi ya uvumilivu liliongeza nguvu kwa wiki kadhaa, kisha zikasimama, na mwishoni mwa wiki kumi zikaanza kushuka, huku waliofanya chuma pekee wakiendelea kupanda. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kwa kiasi kidogo athari si kubwa hivyo, ila nguvu za kulipuka ndizo huathirika kwanza. Nguvu za kulipuka ndizo mali yako.

Kwa hiyo mimi hupanga wiki hivi: siku ya kasi na siku ya chuma ziwe moja. Jumatatu jioni mbio za kutoka kwenye vibao, halafu chuma. Jumatano kasi ya juu, halafu chuma tena au kuruka. Siku za katikati ni nyepesi kwelikweli: kujinyoosha, kutembea, mbio za taratibu kwenye nyasi. Vipindi vikali hukaa Jumamosi, kwa sababu Jumapili ni ya kupumzika. Wa mita 100 hufanya kidogo, wiki za mwanzo wa msimu tu, au mvua ya Aprili inapogeuza kiwanja kuwa bwawa na tukabaki na ngazi za jengo. Kipindi cha ngazi hakikuongezei kasi, lakini moyo unabaki imara na unapona upesi kati ya mbio za siku nyingine.

Wa mita 400 ana hesabu tofauti, kwa kuwa mbio zake humaliza ile akiba mapema na sehemu kubwa iliyobaki hutegemea oksijeni na uwezo wa kuvumilia tindikali inayojaa misulini. Kwake mita 200 mara kadhaa kwa mapumziko mafupi ni kazi ya msingi. Kenya ina urithi wake hapo: Asati, Nyamau, Ouko na Sang walichukua dhahabu ya kupokezana vijiti ya 4 kwa 400 kule Munich mwaka 1972. Hata hivyo, mwenye mita 200 za polepole hawezi kuwa na mita 400 za kasi, kwa hiyo naye asikimbie chuma.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Ugali na sukuma pekee havijengi misuli. Ongeza ndengu, maharagwe, omena au mayai kila siku, na ule baada ya mazoezi badala ya kungoja usiku.

Mashindano yakikaribia, wiki mbili za mwisho punguza seti za chuma hadi nusu lakini uzani uubakize palepale, ili mwili usisahau kusukuma. Vipindi vikali acha kabisa. Usijaribu zoezi jipya uliloliona kwenye simu. Siku mbili kabla ya mbio, toka kwenye vibao mara tatu, mita 20 kila mara, ukipumzika vizuri, kisha vua spaiki uende nyumbani.