Maswali na Majibu: Sabato Itakwisha Lini, Tupate Kuuza Ngano?

Mfululizo wetu juu ya manabii wa Israeli umeleta maswali mengi, nami nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Naomba tena, kama nilivyokwisha kuomba mara kadhaa, kila anayeuliza asome kwanza sura nzima anayoinukuu, kwa maana sehemu kubwa ya maswali yaliyonifikia yanajibiwa mistari michache tu chini ya pale msomaji alipoishia.

*Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Katika Isaya 1:11 Mungu anasema amechoshwa na sadaka za kuteketezwa. Katika Walawi ni Yeye aliyeziagiza. Je, si dhahiri kwamba ibada za hekaluni zilikuwa mapokeo ya wanadamu?*

Asifiwe milele. Si dhahiri hata kidogo, na swali hili hunijia kila mara likiwa limekatwa mahali pale pale. Shuka hadi mstari wa 15: pamoja na mafahali na uvumba, Mungu anayakataa pia maombi yao, kwa sababu mikono wanayoinyosha kwake imejaa damu. Anayetaka kusema dhabihu zilikataliwa kwa kuwa zilitungwa na wanadamu, aseme basi kwamba na maombi yalitungwa na wanadamu. Mstari wa 17 unataja kilichokosekana, nacho hakimo ndani ya hekalu: yatima hakupata hukumu ya haki, na mjane hakupata wa kumtetea.

Tena Walawi yenyewe haikuruhusu dhabihu iwe pazia la dhuluma. Soma mwanzo wa sura ya 6. Mtu aliyemnyang'anya jirani yake, au aliyekana amana aliyowekewa, alitakiwa kurudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, ndipo amlete kondoo wa sadaka ya hatia kwa kuhani. Kwa hiyo kondoo hakuwa badala ya deni, na aliyekwenda madhabahuni na mali ya mwenzake ikiwa bado ghalani kwake alikuwa ameivunja Torati ile ile aliyodhani anaitimiza. Manabii hawakuleta dini mpya, bali waliisoma ya zamani mpaka mwisho, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi.

*Mimi ni mkulima wa viazi, Njombe. Katika Amosi 8:5 kuna watu wanaoipunguza efa na kuiongeza shekeli. Naomba ufafanuzi, maana mhubiri wetu aliupita mstari huo.*

Nasikitika kwamba aliupita, kwa kuwa wewe ndiwe uliyestahili kuusikia kuliko wote. Efa ilikuwa chombo cha kupimia nafaka, na wengi hukikadiria kuwa kilichukua lita 22 hivi. Shekeli wakati huo haikuwa sarafu. Ilikuwa uzani wa gramu 11 na kidogo, na mnunuzi alipima fedha yake kwenye mizani dhidi ya jiwe la muuzaji. Sasa mtazame mfanyabiashara wa Samaria, katika karne ya 8 KK, siku za Yeroboamu wa Pili, nchi ilipokuwa na neema na majumba ya wakubwa yamepambwa kwa pembe za ndovu. Chombo anachopimia ngano amekifanya kidogo, kwa hiyo mnunuzi anaondoka na pungufu. Jiwe linalopima fedha amelifanya zito, kwa hiyo mnunuzi huyo huyo analipa zaidi. Mizani yenyewe imepindishwa, na ndani ya ngano zimechanganywa takataka zake. Maskini ameibiwa mara nne katika ununuzi mmoja, tena bila kelele wala kisu.

Lakini tazama neno linalotangulia. Watu hawa wanauliza sikukuu ya mwandamo wa mwezi itapita lini, na Sabato itakwisha lini, ili wafungue maghala. Maana yake ni kwamba Sabato walikuwa wanaishika! Hawakuuza hata kibaba kimoja siku hiyo. Mtu angepita sokoni angekuta maduka yamefungwa, angewasifu wenyeji kwa uchaji wao, naye asingejua kwamba ndani ya kila mmoja wao kuna hesabu ya kesho inayoendelea. Siku waliyoitoa kwa Mungu waliitumia kungoja iishe.

Wewe umewahi kusimama kando ya gunia lako likishindiliwa lumbesa mpaka likafungwa kilemba juu, na ukalipwa bei ya gunia moja. Unalielewa andiko hili kuliko wengi wanaolifundisha. Nawaonya wanunuzi wanaosoma safu hii, ambao hufunga biashara siku ya ibada na kutoa zaka ya faida iliyopatikana kwa njia hiyo: Mungu aliapa katika mstari wa 7 kwamba hatayasahau matendo yao hata moja.

*Je, Sanduku la Agano liliishiwa nguvu katika 1 Samweli 4, hata Israeli wakashindwa na Wafilisti?*

Hapana. Waulize watu wa Ashdodi, mji wa Wafilisti uliopigwa kwa majipu Sanduku lilipopelekwa huko, katika sura inayofuata. Kilichoshindwa ni jeshi lililopoteza watu 4,000 likaagiza Sanduku kutoka Shilo bila kuuliza limemkosea Mungu nini, likapoteza 30,000.

*Mwalimu, namwonea huruma Sauli. Aliwaacha hai kondoo wazuri ili amtolee Mungu. Kosa lake ni nini hasa?*

Huruma yako naiheshimu, lakini mfuate Sauli hatua kwa hatua katika 1 Samweli 15. Aliagizwa asibakize kitu cha Waamaleki. Akambakiza Agagi mfalme wao pamoja na wanyama walionona, akaviangamiza vile tu vilivyokuwa hafifu. Kabla hajakutana na Samweli alikuwa amepita Karmeli kujisimamishia mnara wa ukumbusho. Nabii alipofika, Sauli ndiye aliyetangulia kusalimu, kwa baraka kamili ya jina la Bwana, akatangaza kwamba ameitimiza amri. Na maneno yakiwa bado kinywani mwake, kondoo wakalia na ng'ombe wakaroroma nyuma yake. Samweli hakuhitaji shahidi mwingine.

Ndipo likaja neno la dhabihu, nalo lilikuja akiwa amekwisha kubanwa. Tena sikiliza anavyosema: watu ndio waliowaacha hai wanyama, nao watatolewa kwa Bwana, Mungu “wako”. Jibu la Samweli kila mmoja analijua, kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, lakini wachache husoma mpaka mstari wa 30, ambapo Sauli anakiri dhambi na papo hapo anaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Hata toba yake alitaka ionwe na watu.

*Nifunge siku ngapi ili maombi yangu yasikiwe?*

Hili nimelijibu mara nyingi kuliko lolote, na sitatoa idadi. Katika mwaka wa nne wa Dario mfalme wa Uajemi, yaani 518 KK, wajumbe walikuja kuuliza kama waendelee na mfungo wa mwezi wa tano walioushika kwa miaka 70, nao wakajibiwa kwa swali: mlipofunga, mlinifungia mimi? Soma Zekaria 7 yote, kisha Isaya 58:3, ambapo walalamikaji waliofunga walikuwa wakiwalemea wafanyakazi wao siku hiyo hiyo. Kama una kijakazi nyumbani, anza kwa kuangalia kama umemlipa mshahara wake.

*Katika Amosi 2:8 Mungu anakasirika kwa sababu ya nguo zilizowekwa rehani. Mbona ni jambo dogo ukilinganisha na kuabudu sanamu?*

Kwako ni dogo kwa sababu una nguo nyingine. Vazi hilo la juu ndilo lililokuwa blanketi la maskini usiku, na Kutoka 22:26 iliagiza lirudishwe kabla ya jua kuchwa, kwa hoja nyepesi kabisa: atalala na nini? Mwaka 1960, katika magofu ya ngome ya pwani karibu na Yavne, wanaakiolojia walipata kigae kilichoandikwa kwa wino mwishoni mwa karne ya 7 KK. Ni lalamiko la mvunaji kwa mkuu wake. Anaeleza kwamba alivuna, akamaliza kiasi alichopangiwa, akaweka ghalani, na bado mtu aitwaye Hoshayahu akamchukulia vazi lake, wavunaji wenzake waliokuwa naye katika joto la jua watamshuhudia, anaomba arudishiwe. Kati ya yote yaliyosalia kutoka Yuda ya kale, sijui kitu kinachoniuma kuliko sauti ya mtu huyu, anayerudia habari ya nguo moja.

Na watu wa Amosi hawakuzichukua tu nguo hizo. Walizitandika kando ya kila madhabahu, wakajinyosha juu yake wakati wa karamu ya dhabihu. Mwenye vazi yuko nje kwenye baridi, na vazi lake liko ibadani. Sanamu unayoitafuta, ndugu yangu, ilikuwa pale pale.

*Yeremia 7 inasema watu walirudia “Hekalu la Bwana” mara tatu. Kosa liko wapi, na hilo kweli lilikuwa hekalu la Bwana?*

Lilikuwa hekalu lake kweli, na ndiyo sababu udanganyifu ulishika mizizi. Mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru alikuwa ameizingira Yerusalemu akashindwa kuitwaa, na vizazi vilivyofuata vikachukua wokovu ule kuwa hati ya kudumu: penye nyumba hii hapaingii adui. Yeremia akasimama langoni akawaambia waende Shilo, mahali Mungu alipoliweka jina lake kwanza, wakaone alivyopaharibu kwa ajili ya uovu wa watu wake. Kwa neno hilo walitaka kumwua.

Lakini anayetaka kuiona dini ya nje ikiwa imevuliwa nguo zake zote, asiishie sura ya 7; aende sura ya 34. Jeshi la Wakaldayo, la Nebukadreza mfalme wa Babeli, limeizunguka Yerusalemu, na katika miji yenye maboma ya Yuda imebaki Lakishi na Azeka tu. Katika hofu hiyo Mfalme Sedekia na watu wakakumbuka sheria waliyoipuuza kwa vizazi, kwamba mtumwa Mwebrania aachwe huru mwaka wa saba. Wakafanya agano ndani ya hekalu. Ndama akakatwa vipande viwili, na wakuu, makuhani na watu wa nchi wakapita katikati ya vipande vile, kila mmoja akijiapiza kwamba akilivunja agano hili, na ampate lililompata ndama. Watumwa wakaachwa, waume kwa wake.

Kisha jeshi la Farao likatoka Misri, na Wakaldayo wakaondoka kwenda kulikabili. Mji ukapumua. Na kabla ya mengine yote, watu wale wakatoka wakawatafuta wale waliowaacha huru, wakawarudisha utumwani. Fikiria mwanamke aliyepata siku chache za kulala nyumbani kwake, anasikia hodi mlangoni, na anayebisha ni bwana wake wa zamani, ambaye alimwona kwa macho yake akipita kati ya vipande vya ndama. Naomba msomaji aliangalie neno ambalo Mungu anatumia katika mstari wa 16. Hasemi tu kwamba wamewaonea watumwa. Anasema wamelinajisi jina lake. Waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya utakatifu wa jengo walilinajisi jina lililolifanya jengo hilo kuwa takatifu, na walifanya hivyo kwa kumrudisha mtumishi jikoni.

Wakaldayo walirudi. Mwaka 586 KK hekalu liliteketezwa.

*Ni dhehebu gani leo lililo Betheli ya Amosi?*

Betheli palikuwa mahali pa ibada pa Israeli ambapo Amosi alipakemea. Sitalijibu swali hili, na wanaoliuliza waache. Amosi alitoka Tekoa ya Yuda, na Yuda nayo imo katika orodha yake ya mataifa yanayohukumiwa, sura ya 2. Ila nitasema hili kwa makanisa yote, langu likiwemo: katika Amosi 4:5 wanaohukumiwa ni watu wanaotangaza sadaka zao za hiari kwa sauti. Tunaosoma majina na viwango vya fedha kwenye kipaza sauti tuutafakari mstari huo kabla ya Jumapili ijayo.

*Mwalimu, mume wangu ni mzee wa kanisa na huongoza maombi huku akilia. Ana miaka miwili tangu atuache mimi na watoto watatu kwa ajili ya mwanamke mwingine, na hatoi matunzo. Nikisema, naambiwa namchafua mtumishi wa Mungu.*

Dada yangu, pole sana. Shauri lako limo katika Malaki 2:13 na kuendelea, karibu neno kwa neno. Wanaume wa Yuda waliifunika madhabahu kwa machozi na kuugua, wakishangaa kwa nini sadaka zao hazipokewi, na wakajibiwa kwamba Bwana alikuwa shahidi kati ya kila mmoja wao na mke wa ujana wake aliyemtenda kwa hiana. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini hayakumdanganya Shahidi. Kwa hiyo wanaokuambia unyamaze hawana andiko. Wanalinda kiti, na wewe hukumchafua mtu kwa kusema alilolitenda.

Mwendee mchungaji pamoja na watu wawili wanaoijua habari hii, na umsomee sura hiyo. Kwa matunzo ya watoto usingoje kikao cha kanisa: nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yako, kwa kuwa kudai chakula cha watoto si kukosa imani. Tafuta daftari, andika tangu mwezi alioondoka alichotoa na asichotoa, ada na matibabu uliyolipa peke yako, na uende nalo.